Maswali ya Wasomaji: Petroli Iliyolala Tangini

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, marehemu baba yetu alituachia gari aina ya Peugeot 404 alilolinunua mwaka 1971 na kuliendesha mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Tangu mwaka 2004 limesimama chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu hapa Tabata, na mwaka huu mimi na ndugu zangu tumekubaliana kulifufua kwa heshima yake. Fundi tuliyempata alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akasema kuna petroli inayokaribia nusu na kwamba imeharibika. Anataka kuinyonya kwa mpira, aimwage kwenye mtaro wa maji ya mvua ulio mbele ya nyumba, kisha alete betri ya gari jingine ajaribu kuliwasha siku hiyo hiyo. Binamu yangu mwenye bodaboda anaona ni hasara kumwaga mafuta na anaomba apewe ayachanganye na ya kwake. Mama anasema ichomwe pamoja na taka za nyumbani. Tumsikilize nani?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu. Gari mlilorithi lina historia yake katika nchi hii: ni Peugeot 404 iliyompa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, ushindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell. Linastahili kufufuliwa kwa utaratibu. Katika hao watatu, nikimwomba radhi mama, hakuna hata mmoja ambaye ushauri wake unafaa kufuatwa, na nitaeleza sababu za kila mmoja, kwa kuwa mapendekezo hayo matatu ndiyo ninayoyasikia karibu kila mara gari la zamani linapotolewa chini ya mti.

Naomba kwanza mjue kilichomo tangini. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi na vingine vizito, na vile vyepesi ndivyo vinavyoiwezesha injini kuwaka ikiwa baridi. Gari likisimama kwa miaka, vyepesi hupotea hewani kupitia kifuniko na tundu la kupumulia la tangi, na vilivyobaki hukutana na hewa na kugeuka polepole kuwa utomvu unaonata. Chukueni kiasi kidogo katika chupa safi ya kioo, mkiache kitulie, kisha mkitazame kwenye mwanga wa mchana. Petroli nzima huonekana angavu na kitako cha chupa huonekana bila taabu, lakini iliyolala miaka 20 huwa na rangi ya chai ya mkandaa, hunuka kama vanishi ya seremala, na mara nyingi huwa na tabaka la maji chini yake pamoja na chembe za kutu. Maji hayo si lazima yawe ya mvua. Katika hewa yenye unyevu kama ya Dar es Salaam, tangi lenye nafasi tupu hupumua mchana na usiku, na unyevu unaoingia huganda kwenye kuta zake na kuteremka chini.

Lipo jambo jingine ambalo kwa gari lenu ni zito kuliko utomvu. Mnasema lilisimama mwaka 2004. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliafikiana huko Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, na kazi hiyo ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2005, kwa hiyo petroli iliyowekwa kabla ya hapo lazima muichukulie kuwa ina risasi mpaka maabara iseme vinginevyo. Risasi hiyo iliongezwa katika umbo la kiowevu kinachoweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, na madhara yake makubwa huwapata watoto, ambao ubongo wao bado unakua. Kuitia katika moto wa taka uani ni kuitawanya hewani ambapo wajukuu wa mama wanacheza, ukiacha kwamba petroli inayomiminwa juu ya moto au juu ya taka zenye kaa chini yake hulipuka usoni mwa anayemimina. Nimewahi kumsaidia kijana aliyeungua mikono na kidevu kwa namna hiyo, akiwa na hakika kwamba petroli ya zamani haina nguvu tena. Injini kushindwa kuitumia hakumaanishi kwamba moto utashindwa.

Binamu naye namwelewa, maana lita moja ya petroli ni fedha. Petroli iliyokaa miezi michache katika chombo kilichofungwa, ikiwa bado angavu na haina maji, inaweza kuchanganywa kidogo kidogo na petroli mpya nyingi, tuseme sehemu moja kwa kumi, ikatumika katika mashine ya kukatia nyasi. Hii yenu imekwisha kupita hatua hiyo kwa miaka mingi. Akiitia kwenye pikipiki, utomvu utaziba vijitundu vya kabureta, ambavyo ni vyembamba mno, kutu itaingia katika chujio, na akiwa njiani na abiria injini itamzimikia katikati ya magari. Gharama ya fundi itazidi thamani ya mafuta yote aliyookoa.

Kuhusu mtaro nitasema kwa mkazo zaidi, kwa sababu ndilo kosa linalofanyika kila siku katika mji huu na hakuna anayeliona kuwa kosa. Mtaro wa Tabata haupotelei ardhini. Maji yake huelekea Mto Msimbazi, na Msimbazi hupita Vingunguti na Jangwani mpaka baharini, na kandokando yake watu wanalima mboga, wanachimba visima na watoto wao wanaoga. Petroli huelea juu ya maji na kusafiri nayo. Zaidi ya hapo, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa kwa mara tatu hadi nne, hivyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa ndani ya mtaro mpaka ukutane na moto, na moto wenyewe unaweza kuwa jiko la mkaa la mama lishe aliye nyumba ya nne kutoka kwenu. Inatosha mvuke ufikie kiasi cha asilimia 1.4 ya hewa ili uweze kuwaka. Watanzania tuliliona hilo tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, ambapo lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na moto ukawaua wapatao 100. Yenu ni lita 20 au 25, lakini tabia ya mvuke ni ile ile.

Sasa namna ya kuitoa. Kabla hamjafungua nati yoyote, jueni kwanza mafuta hayo yatakwenda wapi, kwa sababu petroli ikishatoka tangini bila mahali pa kupelekwa, ndipo mtaro unapoanza kuonekana kuwa jibu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, petroli mbovu ni taka hatarishi, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ndilo linalotoa vibali kwa wanaokusanya na kusafirisha taka za aina hiyo. Nendeni katika ofisi yake ya kanda hapa jijini, au muanzie kwa afisa mazingira wa halmashauri yenu kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, mkaombe majina ya wakusanyaji wenye kibali kilicho hai, na mtakapompata mmoja wao mwombeni awaonyeshe kibali hicho. Huenda akasema kwamba lita 25 ni kidogo mno kumleta kwa safari moja. Hapo ulizeni katika gereji kubwa zilizo na mkataba na mkusanyaji, mkaongeze mzigo wenu juu ya wao kwa malipo. Angalizo moja tu: gereji isikubali kumimina petroli hiyo katika pipa la oili chafu. Oili chafu peke yake haishiki moto kirahisi, lakini ikitiwa petroli hata kidogo hushika moto upesi, na pipa la namna hiyo likiuzwa kwa mtu anayepaka mbao dhidi ya mchwa, au anayewashia tanuri, mtakuwa mmemtumia hatari ambayo haijui.

Mkishapata pa kuipeleka, chagueni siku kavu, saa za asubuhi kabla jua halijawa kali, na gari liwe mahali pa wazi penye upepo. Lisiwe ndani ya banda wala juu ya shimo la gereji, kwa kuwa mvuke hukusanyika shimoni. Ondoeni betri kabisa, hata kama mnaamini imekufa. Hakikisheni kwamba hakuna jiko, sigara, mashine ya kuchomelea wala jenereta inayofanya kazi karibu, majirani wakiwemo, na waombeni kwa heshima waahirishe kupika nje kwa saa mbili. Msitumie taa ya kubebea yenye balbu ya kioo chini ya gari, maana ikidondoka na kupasuka ndani ya mvuke, waya wake wa moto unatosha kuwasha kila kitu. Wekeni kizima moto cha unga mkononi mwa mtu anayejua kukitumia, pamoja na ndoo mbili za mchanga mkavu. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na moto husambaa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na kila aliyepo aijue kabla ya kazi kuanza.

Kunyonya kwa mdomo ni jambo ambalo nawasihi mlikatae hata fundi akisema amelifanya miaka 30. Anayenyonya humeza kidogo au huvuta kidogo, na petroli ikiteremka katika mapafu huyaunguza kwa namna ambayo hospitali hupata taabu kuitibu, mbali na kwamba ndani yake mna benzini, ambayo inajulikana kuwa husababisha saratani ya damu. Ikitokea mtu amemeza, asitapishwe na asilazimishwe kunywa maziwa kama wengi wetu tulivyozoea kufanya kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, kwa sababu akitapika ndipo petroli inapoingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Kifaa kinachofaa hakina gharama kubwa. Wauzaji wa vipuri vya injini za boti, mfano wanaowahudumia wavuvi wa Feri, huuza mpira wa mafuta wenye puto la kubinya katikati, lenye vali ndani na mshale unaoonyesha mafuta yanakokwenda. Mpira huo umetengenezwa kwa ajili ya petroli. Ukiingiza ncha moja tangini na kubinya mara kadhaa, mafuta hufuata yenyewe mradi chombo cha kupokelea kiwe chini kuliko tangi. Katika Peugeot 404 mdomo wa tangi umefichwa nyuma ya kibao cha namba cha nyuma, jambo ambalo vijana wengi hawalijui na hulitafuta gari zima. Mpira ukikataa kuteremka mpaka chini kwa sababu ya kona ya bomba, msiusukume kwa nguvu. Fungueni bomba la mafuta mahali linapoungana na pampu ya injini, mvute kupitia hapo kwa kifaa kile kile, na kama chini ya tangi kuna nati ya kutolea mafuta na haijaliwa na kutu, itumieni kumalizia masalia ya maji na matope. Gari likiinuliwa kwa jeki, liwekwe juu ya stendi imara kabla ya mtu kuingia chini. Vaeni glavu za mpira mgumu zisizolainika kwa petroli na miwani ya kukinga macho, na nguo ikilowa ivuliwe papo hapo.

Chombo cha kupokelea kiwe dumu la chuma lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, likiwa limewekwa chini ardhini wakati wa kujazwa, kwa kuwa umeme tuli hujijenga kwenye chombo kilicho juu ya plastiki au ndani ya buti la gari, na cheche yake haionekani mpaka imekwisha kuwasha. Acheni nafasi juu, dumu lisijae hadi mdomoni. Nawaomba sana msitumie madumu ya njano ya mafuta ya kula wala chupa za maji ya kunywa. Kila nyumba Dar es Salaam ina dumu la njano la maji, na petroli iliyowekwa katika chombo kinachofanana nalo ipo siku itachotwa na mtoto. Andikeni juu ya dumu kwa herufi kubwa kwamba ni petroli mbovu yenye risasi, lifungwe, likae nje kivulini, mbali na nyumba, mpaka mkusanyaji aje. Lisipakiwe kwenye daladala wala bodaboda. Matambara yaliyolowa na mchanga uliofyonza matone navyo viingie katika chombo cha chuma chenye kifuniko na viende pamoja na dumu hilo.

Tangi likishakauka, fundi asikimbilie betri. Petroli ya zamani bado imo katika mabomba, katika kikombe cha pampu na katika bakuli la kabureta, na utomvu wake ukivutwa ndani ya injini iliyolala hugandisha vali ndani ya njia zake. Katika injini hii vali husukumwa na fimbo ndefu, na vali ikigoma kurudi, fimbo ndiyo inayopinda. Afungue kabureta na pampu avisafishe, abadilishe mipira yote ya mafuta na chujio, achungulie ndani ya tangi kwa kioo kidogo na tochi iliyozibwa isiyotoa cheche, kisha aweke lita 5 za petroli mpya na kuizungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha. Siku hiyo hiyo haiwezekani. Mpeni wiki moja, na mumlipe ya wiki moja.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, nimejenga Kigamboni na nina kisima kifupi kwa ajili ya familia. Mwezi uliopita kijana anayenisaidia alisafisha tangi la Volkswagen yangu ya zamani na kumwaga kama lita 15 za petroli mchangani, hatua chache kutoka kisimani. Maji hayanuki. Je, nikiyachemsha yatafaa?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, msinywe, msipikie na msichemshe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini benzini huondoka kama mvuke ndani ya jiko lenu, na mnaivuta. Kutonuka leo si ushahidi wa usafi, kwa sababu udongo wa Kigamboni ni mchanga wa pwani unaopitisha kimiminika upesi na maji yake ya ardhini yako karibu, ila safari ya petroli kuelekea kisimani inaweza kuchukua majuma au kusubiri mvua.

Chimbeni mapema udongo wote unaonuka, muuweke katika pipa la chuma lenye kifuniko, nao uende kwa mkusanyaji mwenye kibali kama nilivyomweleza msomaji wa Tabata. Toeni taarifa NEMC na katika Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya visima vya eneo lenu, na mpeleke sampuli ya maji kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mkiwaambia wazi kwamba mnatafuta petroli, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha vijidudu hakitaiona. Waambieni na majirani wenye visima. Najua ni vigumu kwenda kusema kwamba tatizo limetoka uani kwako, lakini wao pia wana watoto, na maji ya ardhini hayatambui uzio. Kwa sasa nunueni maji au mchote ya bomba, na mrudie kipimo baada ya masika hata kama cha kwanza kitatoka safi.

SWALI: Tangi la gari langu la mwaka 1968 limetoboka kwa kutu. Nimeshamwaga petroli yote, limekaa wazi juani siku tatu na halina hata tone. Fundi wa kuchomelea yuko tayari. Kuna tatizo?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Ndiyo, kubwa, na namwomba fundi aiache mashine yake kwanza. Tangi lililojaa petroli lina mvuke mzito uliokosa hewa ya kuwakia, lakini tangi tupu lina mvuke na hewa kwa pamoja, na ndiyo maana tupu ndilo linalolipuka. Siku tatu za jua hazitoshi. Petroli hujificha ndani ya kutu, katika mikunjo ya mabati na chini ya utomvu uliokauka, na joto la kuchomelea huifukuza yote itoke kwa mara moja.

Tangi la kale lenye tundu moja dogo linaweza kuzibwa bila moto, kwa gundi maalumu ya matangi ya petroli inayoshika chuma kilichosuguliwa, na kwa matundu mengi mara nyingi ni nafuu kutafuta tangi jingine kwa wauza vipuri vilivyotumika wa Ilala. Iwapo ni lazima lichomelewe, lipelekwe kwa fundi ambaye kazi yake ni matangi, ambaye hulisafisha kwa mvuke wa maji au sabuni kali zaidi ya mara moja, hulipima kwa kifaa cha kupimia gesi, na huchomelea likiwa limejazwa maji hadi karibu na mahali pa kuziba au likiwa na gesi isiyowaka ndani yake. Mwulizeni ana kifaa hicho. Akijibu kwamba hunusa tu, tafuteni mwingine. Maji yaliyotumika kuliosha yana petroli pia, kwa hiyo yakusanywe katika dumu na yafuate njia ile ile ya taka hatarishi.